Mkia wa Herufi ya Mwisho

Nchi ninayoisimulia ina jina, tena jina zuri, lakini sheria zake zinakataza jina hilo kuandikwa kwa mwandiko wowote usio Mwandiko wa Taifa. Mimi nina kalamu ya kawaida na sitaki makuu. Kwa hiyo nitasema "nchi hiyo", na msomaji anayeipenda nchi yake asiwe na wasiwasi, si yake.

Katika nchi hiyo wananchi walikuwa wakilalamika. Walilalamika walipoandikiwa barua za kunyimwa matibabu, walilalamika walipoandikiwa kubomolewa nyumba, na walipoandikiwa kwamba malalamiko yao hayakupokelewa, wakalalamika upya. Serikali, kwa kuwa ni sikivu, iliunda tume. Tume ilikaa miezi kumi na minne, ikasafiri ng'ambo mara tatu kutazama barua za watu wengine, ikarudi na jibu. Wananchi hawakuwa na ugomvi na yaliyoandikwa. Kilichowaudhi ni sura ya maandishi, zile herufi kavu za mashine zisizo na haya wala salamu.

"Mwananchi anayenyimwa dawa kwa maandishi mabaya," alisema Mheshimiwa Lukio, Waziri wa Mwonekano, mbele ya vipaza sauti saba, "ameonewa mara mbili. Serikali hii imedhamiria kuondoa uonevu mmoja kati ya hiyo miwili."

Watu wakapiga makofi. Wapo waliouliza ni upi, lakini wao walikuwa nyuma na vipaza sauti vilikuwa mbele.

Ikaamriwa utafutwe mwandiko wa nakshi, wenye mikunjo na mikia, ule wa kadi za harusi na vyeti vya heshima, ufanywe fonti na kutiwa kwenye kila kompyuta ya Serikali. Walitafuta mikoa yote. Mwishowe waliupata kwa mwanamke mmoja, nyuma ya ghala la pamba, akiwa amekaa mkekani na kidole chenye wino.

*

Zawena alikuwa mwandikaji wa kadi. Mtaani kwao hakuna ndoa iliyofungwa bila majina ya maharusi kupita kwenye kalamu yake. Alitumia kalamu ya kuchovya yenye ncha bapa, na wino aliouchuja mwenyewe kwa kitambaa cha kilemba kikuukuu. Herufi zake zilishikana, kila moja ikianzia pale mwenzake alipoishia, na wateja walisema ukizitazama sana unasahau kusoma tarehe ya harusi.

Ila ndani ya mwandiko huo kulikuwa na kitu kimoja kisichokuwa cha wateja. Neno lilipoishia kwa herufi e, Zawena aliweza kuuteremsha mkia wake chini, kisha kuurudisha juu na kuukunja kidogo kwa ndani, kama kidole kinachomwita mtu. Mkia huo alimfanyia mtu mmoja tu, tangu barua za uchumba, hasa mwishoni mwa jina lake: Tambwe. Kwenye kadi za watu e zake zilikwenda moja kwa moja, kwa adabu.

Tambwe, mumewe, alikuwa mpima mvua. Kwa miaka kumi na tisa alikwenda kila asubuhi kwenye uwanja wa Idara ya Hali ya Hewa, akachungulia kopo la kupimia, akaandika alichokiona. Mwaka mmoja redio ikatangaza, kwa agizo, kwamba mvua zimenyesha za kutosha. Tambwe alichungulia kopo, akaandika kwenye daftari: "Hakuna." Kesho yake akaandika "Hakuna" tena. Akashtakiwa kwa kosa la kukausha nchi, akapelekwa Chumvini, kule jangwani kaskazini, kwenye Kituo cha Tafakuri. Nchi hiyo haina magereza, ilikwisha kuyafuta. Ina vituo vya tafakuri, vyenye kuta na minara na mbwa, ambamo raia hutafakari huku wakichimba chumvi. Tambwe alipewa miaka minane ya kutafakari.

Alikuwa ametafakari miwili Zawena alipoitwa Wizarani.

"Bibi," alisema Mheshimiwa Lukio, "taifa linauhitaji mkono wako."

"Wa kulia," akafafanua katibu wake.

"Na mume wangu?" akauliza Zawena.

"Hatujakuita kuzungumza habari za mume."

"Nyie mnazungumza habari za mkono, Mheshimiwa. Mimi nazungumza habari za mume. Vyote viwili ni vya nyumba moja."

Waziri alicheka, kwa kuwa washauri wake walimpangia acheke mara mbili kwa wiki na ile ya kwanza bado alikuwa nayo. Akatoa neno: siku herufi ya mwisho itakapokamilika, tafakuri ya Tambwe itahesabiwa kuwa imekwisha. Neno hilo likaandikwa, likagongwa mhuri. Zawena aliikunja karatasi ile akaitia kifuani, na tangu saa ile hakuwa na jambo jingine duniani ila kumaliza herufi.

*

Kazi ilikuwa chini ya Bwana Kaselenge, fundi wa herufi, mtu mpole mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi. Alimwekea Zawena karatasi nyeupe.

"Niandikie a, Bi Zawena. Peke yake."

Zawena aliandika. Bwana Kaselenge akaiinamia na kioo cha kukuzia.

"Hii a haitoki popote wala haiendi popote," alisema. "Haitashikana na mwenzake."

Waliandika a wiki nzima. Zote zilikaa pale kwenye karatasi zimepoa. Siku ya saba Zawena aliweka kalamu chini.

"Bwana Kaselenge, mimi siwezi kuandikia hewa. Sijapata hata siku moja kuandika herufi. Naandika kwa mtu. Nipeni mtu wa kumwandikia."

"Nani?"

"Unajua nani."

Jambo hilo lilipelekwa kwenye vikao vitatu. Kikatoka cheti kinachoitwa Ruhusa ya Kumwandikia Mume kwa Madhumuni ya Herufi, cha miezi sita, kisichohamishika kwa mume mwingine.

Basi Zawena akaandika. Kila asubuhi alianza na jina, Tambwe, na mkia ukaenda chini, ukarudi juu, ukajikunja. Akamweleza kwamba paa la jiko limetoboka palepale walipolitabiria. Akamweleza habari za mbuzi wa jirani aliyekula kadi sitini za harusi, na kwamba harusi yenyewe ikaja kuvunjika, watu wakamsifu mbuzi. Akamwambia: kopo lako la mvua Idara walilitupa, nikaliokota, lipo dirishani, nalichungulia kila siku kwa niaba yako, halijapata tone. Akamwambia: upande wako wa kitanda siulalii. Herufi zikaamka. Zilitoka mahali na zilikwenda mahali.

Kila adhuhuri Bwana Kaselenge alichukua barua ya siku ile, akaikatakata kwa mkasi mdogo, herufi moja moja, akazigawa kwenye makopo. Kopo la a, kopo la b, kopo la m ambalo lilijaa upesi. Mwandiko wa nakshi wa kweli, alieleza, hauwezi kuwa na a ya aina moja, mashine ikikurudishia a ileile kila mara msomaji anagundua hakuna mtu. Kwa hiyo alizibandika majina: a ya furaha, a ya Jumatatu, a ya homa. Hiyo ya homa ilipelekwa Wizara ya Afya, nao wakashukuru. Zilipotakiwa q na x Zawena alipata shida, maana hakuwa na neno lolote la kumwambia mumewe lenye herufi hizo. Akaandika: "Mume wangu, sijui x ni ya nini, lakini wanaitaka, nami nakutaka wewe, kwa hiyo hii hapa: x." Waziri alisema hajawahi kuona x yenye huruma kiasi kile.

"Na barua zenyewe zitamfikia?" Zawena alimwuliza Bwana Kaselenge siku moja, akitazama vipande.

Bwana Kaselenge alisafisha miwani ambayo haikuwa chafu. "Zitamfikia, mama," alisema. "Kwa njia moja au nyingine."

Mwezi wa sita Zawena alichungulia kopo la e. Zile za mwisho wa neno zote zilikuwa na mkia uliokunjwa.

"Hizi si za watu," alisema. "Hizi ni zake. Watu mimi huwaandikia zilizonyooka, ngoja niwaandikie."

"Waziri amezipenda hizi," alisema Bwana Kaselenge kwa sauti ndogo. "Tukianza kubadilisha, ni vikao vingine. Ni mwaka mwingine."

Zawena aliishika karatasi iliyokuwa kifuani. Mwaka mwingine wa chumvi. Akafunga kopo.

*

Mwandiko wa Taifa ulizinduliwa kwa mizinga. Mheshimiwa Lukio alihutubia saa mbili na nusu juu ya mchango wa mikunjo katika maendeleo, na akatangaza kuwa kuanzia siku ile barua zote za Serikali zitaanza na "Mpendwa" na kumalizikia "Wako daima", kwa kuwa maandishi mazuri yanataka maneno yanayofanana nayo.

Malalamiko yalipungua, nasema kweli. Kuna bwana aliyeipenda amri yake ya kubomolewa nyumba hata akaitia fremu, akaitundika sebuleni, ikakaa pale mpaka sebule ilipobomolewa. Kuna wagonjwa waliosomeana barua za kunyimwa dawa wakiwa kwenye foleni, wakasifiana. Na kwa kuwa amri za nchi hiyo ni za kumtaka mtu ahame, abomoe, angoje, anyamaze, karibu kila moja ilimalizikia kwenye ule mkia unaoshuka, unaopanda na kujikunja, ukimwita mtu aliyekuwa Chumvini.

Zawena naye alipata barua yake. "Mpendwa Zawena, Unaarifiwa kuwa mwandiko huu sasa ni mali ya Serikali. Yeyote atakayeutumia bila kibali, iwe kwa mashine au kwa mkono, atashtakiwa kwa kuiga. Unaombwa uache. Wako daima." Aliisoma mara mbili. Ilikuwa ajabu kukatazwa na mkono wake mwenyewe. Lakini hakuhuzunika sana, maana barua ya pili ya siku ile ilisema Tambwe anaachiwa.

Tena aliachiwa kweli. Naomba msomaji aliandike hilo mahali, watu wasije wakasema Serikali ya nchi hiyo haitimizi ahadi.

Lori la wanaorudi lilikuwa likishusha watu kwenye uwanja wa ghala la pamba. Zawena alifika asubuhi na mapema, amevaa kanga iliyofuliwa, ameacha kisamvu jikoni. Wakashuka wanaume kumi na mmoja. Karatasi ya dereva ilisema kumi na wawili. Zawena alizunguka nyuma ya lori akachungulia ndani, palikuwa na gunia na ndoo tu.

Mmoja wa walioshuka, jina lake Kibwana, alikuwa amelala kitanda cha jirani na Tambwe miaka yote ile. Alimjua Zawena kwa kusimuliwa.

"Shemeji," alisema, "hakupanda."

"Anaumwa?"

"Haumwi. Ngoja nikueleze. Pale getini kila anayetoka hupewa barua. Ni fomu tu, ipo tangu zamani, wanaipa kila mtu. Inasema usirudi kwenu. Hakuna anayeijali, hata askari wanatuambia ipuuzeni, tieni saini mtupe. Sote tulitupa. Lakini safari hii zimekuja kwa maandishi haya mapya, mazuri. Tambwe aliifungua, akaisoma, akakaa chini mchangani."

Kibwana alitoa mfukoni nakala yake mwenyewe, iliyokunjamana. Zawena akaisoma kwa sauti, taratibu: "Mpendwa Kibwana, Makazi yako ya awali hayakuhitaji tena. Unashauriwa usirejee. Ukae hukohuko, uanze maisha upya, uwaache uliowaacha. Wako daima." Chini palikuwa na mhuri, ila hafifu mno, kwa kuwa wino wote wa mihuri ulikuwa umetumika siku ya uzinduzi.

"Nikamwambia, twende ndugu yangu, hii ni karatasi ya Serikali," alisema Kibwana. "Akanionyesha herufi ya mwisho ya jina lake. Akaniambia, Kibwana, huu mkia dunia nzima tunaujua watu wawili. Akaingia mjini Chumvini kwa miguu."

Zawena alirudi nyumbani. Alilia kwa sauti, akiwa amesimama jikoni, chini ya lile tundu la paa, na kisamvu kikaungua.

*

Alimwandikia siku hiyohiyo, kwa mkono wake, kwamba si yeye. Posta waliizuia barua palepale dirishani. Karani aliisifu sana, akamwonya kwa upole kuwa kosa la kuiga linaanzia miaka mitatu, akaichana mbele yake kwa masikitiko, akibakiza kipande chenye K kubwa akambandikie mwanawe ukutani.

Akaandika ya pili kwa mkono wa kushoto, herufi kubwa zilizoachana, zimelala huku na huku. TAMBWE SI MIMI NILIYEANDIKA. RUDI NYUMBANI. ZAWENA. Hiyo ilipita. Baada ya wiki tano likaja jibu, kwa mwandiko mdogo wa mtu aliyezoea kujaza daftari la mvua.

"Ndugu," iliandikwa, "sikujui, lakini nakushukuru kwa kunihurumia. Usijisumbue kujifanya mke wangu. Mwandiko wake naujua, na aliyoniambia nimeyasikia. Ukimwona, mwambie sina kinyongo."

Zawena akaenda kwa Bwana Kaselenge na barua hiyo. Fundi aliisoma, akavua miwani, akaiweka mezani.

"Ukiandika kwa mkono wako, wewe ni Serikali," alisema. "Ukiandika kwa mkono mwingine, si wewe. Nisamehe, mama. Mkasi nilikuwa nao mimi."

"Basi nitakwenda mwenyewe. Sura yangu hawajaichukua bado."

Kusafiri kwenda Chumvini kulihitaji kibali. Kibali kilichukua mwaka na miezi miwili. Kilipokuja kilikuwa kizuri mno, chenye a ya furaha kila mahali.

*

Chumvini ni mji mweupe, ardhi nyeupe, kuta nyeupe, na milango yote ya kijani. Waziri aliamuru ipakwe rangi hiyo ili mji uonekane una mvua. Zawena alitembea mtaa hadi mtaa, amebeba kikapu na lile kopo la kupimia ndani yake. Alipoufikia mlango mmoja usiopakwa kitu, mbao tupu zilizopauka, hakuhitaji kumwuliza mtu.

Alibisha. Akabisha tena. Mwanamke akatoka nyumba ya pili, anafuta mikono kwenye upindo wa kanga.

"Unamtafuta Tambwe?"

"Ndiyo."

"Pole, dada. Ni wiki ya tatu leo. Kifua. Chumvi inaingia kifuani, ikishaingia haitoki." Alimtazama Zawena, akatazama kikapu. "Karibu ukae. Mimi ni Mama Ngwali. Nilimpikia uji mpaka siku ile."

Zawena alikaa kizingitini. Alikuwa amejiandalia maneno ya kumwambia, njia nzima ya siku nne, na sasa yalibaki mdomoni hayana pa kwenda. Mama Ngwali akakaa naye. Wala hakuuliza yeye ni nani, alikuwa ameshaona kidole chenye wino usiotoka.

"Alikuwa mtu mzuri," alisema, "ila mbishi kwa jambo moja. Huu mlango. Walimwandikia aupake, hakupaka. Wakamkumbusha, hakupaka. Mtaa mzima tukasema, huyu ndiye aliyeandika 'Hakuna', hawezi kupaka uongo mlangoni kwake. Watu walimheshimu kwa hilo. Halafu siku moja nikamwambia, rangi ninayo, Tambwe, inabaki tu kwenye debe, nikupakie tuyamalize. Unajua alinijibu nini?"

Zawena aliugeukia mlango.

"Akasema, nikipaka ataacha kuniandikia."

Mama Ngwali aliingia ndani akatoka na furushi lililofungwa kwa uzi wa gunia. Barua tisa. "Mpendwa Tambwe, Tunakukumbusha upake mlango." "Mpendwa Tambwe, Kwa mara ya tano tunakuomba usikie." Zilikuwa zimesomwa mpaka mikunjo imelegea, na kila palipokuwa na jina lake karatasi ilikuwa imechakaa kwa kupitishwa kidole.

"Nilidhani jua limemwingia kichwani," alisema Mama Ngwali. "Ikifika siku ya tarishi huyo anaoga mapema, anavaa shati safi, anakaa hapohapo ulipokaa. Barua ya kupaka mlango, dada. Anaisoma kama mtu anayesomewa dua."

Zawena aliziweka barua mapajani. Alitafuta herufi alizozijua na akazipata zote. Hii m ilikuwa ya siku ya mbuzi. Hii a ni ya homa. Ile d aliyoiandika alipomwambia kuhusu kitanda, ilikuwa imekaa katikati ya neno "utaadhibiwa". Bwana Kaselenge hakusema uongo. Barua zake zilimfikia zote, hata kipande kimoja hakikupotea. Akalia hapo kizingitini kwa jirani asiyemjua, na jirani akamwacha alie.

Hakurudi kwao. Kibali chake kilisema kwenda, hakikusema kurudi, na yeye hakukiombea marekebisho. Aliliweka kopo la mvua dirishani.

Mwisho wa mwezi tarishi alikuja na barua ya kumi.

"Nyumba ya Tambwe?"

"Ndiyo."

"Mwenyewe yupo?"

Zawena aliitazama bahasha. Jina lilikuwa pale, limeandikwa vizuri, na mkia wa mwisho ulishuka, ukapanda, ukajikunja kwa ndani.

"Yupo," alisema.

"Atie saini hapa."

Kuandika kwa mkono wake kulikuwa kosa la miaka mitatu, kwa hiyo Zawena alipaka wino kidole gumba akagandamiza kwenye daftari. Tarishi akaenda zake. Mama Ngwali, aliyekuwa akitazama, akauliza kama kesho alete lile debe la rangi wamalize mambo.

"Hapana, shoga," alisema Zawena. "Acha kwanza."

Mwezi uliofuata, siku ya tarishi, alioga mapema, akavaa kanga iliyofuliwa, akakaa mlangoni.